Herrnhut: Kijiji Kilichoombea Dunia kwa Zamu

Agosti 27, 1727, katika kijiji cha Herrnhut, jimbo la Saxony huko Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 walianza kupokezana zamu za maombezi. Kila mmoja alishika saa moja, usiku na mchana, ili pasipite saa bila mwombezi. Agizo walilolishika ni lile la Mambo ya Walawi 6, kwamba moto wa madhabahuni usizimike. Kwa mapokeo ya Kanisa la Moravian, zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Kuombea wengine ni desturi ya kale. Abrahamu aliiombea Sodoma, Musa akawasihia Waisraeli baada ya ndama wa dhahabu, na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unaagiza watu wote waombewe, wafalme wakiwamo. Kwa karne nyingi, ibada za saa kwa saa zilikuwa hasa kazi ya watawa. Herrnhut ilizikabidhi kwa mafundi na akina mama wenye kazi na familia.

Kijiji chenyewe kilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, waliopewa hifadhi katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, mtu wa ukoo wa kikabaila. Walifuatwa na Walutheri, Wakalvini na wengineo, na miaka michache baadaye ugomvi wa mafundisho ulikuwa umewagawa. Zinzendorf alipita nyumba kwa nyumba akiwasuluhisha. Mei 12, 1727 wakaazi walikubaliana kanuni za kuishi pamoja, na Agosti 13, kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, walipatana kwa machozi. Wiki mbili baadaye zamu zilianza. Mfuatano huo una uzito: watu walipatana kwanza, ndipo wakasimama kuwaombea wengine.

Waombezi hawakuachwa waombe kwa kubahatisha. Walikutana kila wiki, wakapashana habari na mahitaji ya kuombewa. Baadaye, barua za wamisionari zilisomwa mbele ya ushirika. Aliyeamka usiku wa manane kushika saa yake alijua anamwombea nani, yuko wapi na amepatwa na nini.

Mwaka 1731, Zinzendorf alipokwenda Copenhagen, alikutana na Anton, Mwafrika aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Anton alieleza hali ya watumwa huko, akamtaja dada yake Anna aliyetamani kumjua Mungu. Habari hiyo ilipofika Herrnhut ilimnyima usingizi mfinyanzi kijana, Leonhard Dober. Baada ya ushirika kupima wito wake kwa mwaka mzima, yeye na seremala David Nitschmann waliondoka Agosti 21, 1732, wakafika kisiwani Desemba. Mwaka uliofuata wengine walikwenda Greenland, na mwaka 1737 Georg Schmidt alifika Afrika Kusini. Waliokuwa wakiomba ndio waliotumwa.

Historia hii ina doa, nalo lazima litajwe. Huko St. Thomas, misheni ilinunua shamba pamoja na watumwa wake. Watu walioamka usiku kuwaombea watumwa walikubali kuwamiliki. Maombezi yaliwafikisha kwa jirani aliyefungwa, lakini kumfungua minyororo kulidai toba ambayo hawakuwa tayari kuitoa.

Mkondo huo wa kuomba na kutuma ulifika kwetu Tanzania mwaka 1891, wakati wamisionari wanne Wamoravian walipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo, na waliobaki wakaanzisha kituo cha Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa. Miaka michache baadaye, Wamoravian walipokea kituo cha Urambo, Unyamwezini, kutoka kwa misheni ya London. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Tangu mwaka 1957 majimbo ya kanisa hilo duniani yamekuwa yakigawana siku za mwaka kwa maombi ya kupokezana. Nchi iliyokuwa ikiombewa na Herrnhut sasa ina zamu yake ya kuwaombea Wajerumani.

Makanisa yetu hayana uhaba wa mikesha wala minyororo ya maombi. Herrnhut inatudai yale mambo yanayorukwa kirahisi: kupatana kabla ya kuomba, kuwajua kwa majina na kwa habari za kweli wale tunaowaombea, na kuwa tayari kwenda wenyewe. St. Thomas inaongeza la nne, zito kuliko yote: anayemwombea aliyeonewa aikague mikono yake mwenyewe, kisha amwachie alichomshikia.