Jukwaa na Baraza: Mchezo wa Kuigiza wa Siasa katika Elimu Yetu

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Arusha akishika barabara kuu iendayo Moshi, baada ya mwendo mfupi huiona Sekei upande wake wa kushoto, mahali ardhi inapoanza kupanda kuelekea Mlima Meru. Leo Sekei ni sehemu ya jiji, nayo imejaa nyumba, maduka na wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi. Lakini mteremko huo ni nchi ya Waarusha, wakulima wa migomba na mahindi wasemao lugha ya Kimaasai, na kabla mji haujapanda huko palikuwapo desturi ambayo mwalimu wa michezo ya kuigiza angefanya vema kuichunguza kabla ya kufungua kitabu chochote kilichotoka ng'ambo.

Desturi hiyo ni baraza. Philip Gulliver, mtaalamu aliyeishi miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1963, alieleza jinsi mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba au mahari alivyolipeleka shauri lake mbele ya watu. Wasemaji wa rika, yaani malaigwanani, walisimama kutetea kila mmoja upande wake. Hapakuwa na hakimu mwenye amri ya kukata neno. Shauri liliendelea, pengine kwa vikao kadhaa, mpaka pande mbili zikubaliane. Aliyekaa na kusikiliza alijifunza sheria za jamii yake kwa kuziona hoja zikipambana mbele ya macho yake, wala hakuna aliyejua mwisho wa shauri kabla halijafika mwisho. Sisemi kwamba baraza lile lilikuwa mchezo wa kuigiza. Watu walikuwa wakigombea mashamba ya kweli. Nalitaja kwa kuwa nataka kulitumia kama kipimo cha michezo ya siasa iliyofuata katika shule na vijiji vyetu.

Ni jambo la kufikirisha kwamba michezo hiyo ilipata msukumo wake mkubwa karibu kabisa na hapo. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha tangu tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, katika jengo ambalo tangu mwaka 1977 ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lilipotangazwa tarehe 5 Februari, nchi nzima iligeuka uwanja wa maonyesho: ngoma zilitungiwa maneno mapya, kwaya zikaimba ujamaa, na vijana wakatembea kwa miguu mamia ya maili kuliunga mkono. Kijana mmoja, Seti Benjamin, alifariki njiani katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam.

Washairi nao waliombwa wabebe ujumbe. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa ngonjera, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971. Kila aliyesoma shule ya msingi katika miaka ile anaujua mpango wake. Watoto wawili au makundi mawili husimama mbele ya watu. Mmoja ni mjinga wa jambo, au mvivu, au mpinzani. Mwenzake ni mjuzi. Hubishana kwa beti, na kadiri beti zinavyosonga yule wa kwanza hulegea, mpaka mwishoni wote wawili huimba neno moja.

Wako wasomi walioidharau ngonjera, nami sikubaliani nao. Sanaa hii haikuhitaji jukwaa, mapazia wala fedha. Iliingia katika shule ambazo hazikuwa na hata madawati ya kutosha, ikawafundisha watoto wa wakulima kusimama mbele ya mkuu wa wilaya na kusema Kiswahili safi bila kutetemeka. Walakini tukiipima kwa kipimo cha baraza, kasoro yake inaonekana mara moja. Mshindi wa mabishano alikwisha kuteuliwa kabla watoto hawajafungua vinywa. Mpinzani aliwekwa ili ashindwe, na hoja zake zilikatwa fupi makusudi. Mtoto aliyepewa nafasi hiyo alijifunza kwamba kuuliza ni kazi ya mjinga. Nayo Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi! Kwa hiyo Azimio lilizaa pacha wawili ambao hawakupatana: wito wa kudadisi, na sanaa ya kukariri.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kutupa mfano wa namna nyingine. Tafsiri yake ya kwanza ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa tafsiri iliyosahihishwa pamoja na Mabepari wa Venisi. Si marais wengi wangeweka usiku wao katika kutafsiri mchezo unaosimulia kuuawa kwa mtawala. Katika mazishi ya Kaizari, Brutus anawahutubia raia, nao wanamshangilia. Kisha Antony anasimama, na raia wale wale wanageuka na kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Darasa likiigiza hotuba hizo mbili, moja baada ya nyingine, na wanafunzi wengine wakiwa ndio raia, litajionea jinsi umati unavyoweza kuchukuliwa na maneno, na kwamba umati huo ni wao wenyewe.

Lakini mchezo ulioleta mageuzi hasa ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Wanafunzi wengi wa sekondari wamepata kuusoma, kwa hiyo sitausimulia wote. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein hakuandika historia. Alimwacha hai hadi wapiganaji wameshindwa, kusudi amweke mbele ya swali gumu. Maji yaliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali hayakuzuia risasi. Akiwa kifungoni anatakiwa aseme kuwa yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa neno lile limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye. Je, kiongozi huyu ni shujaa, au amewapeleka watu wake machinjoni kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alilitilia shaka? Mwandishi hasemi. Hapa ndipo jukwaa letu lilipolikaribia baraza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika madarasa mengi mchezo huu husomwa kama orodha ya kukariri: dhamira tano, wahusika sita, ujumbe mmoja, mtihani. Hakuna anayesimama. Mchezo uliotungwa ili usiwe ngonjera tumeugeuza ngonjera kwa daftari, na lawama si ya walimu peke yao, kwani mtihani huuliza dhamira, hauulizi mwanafunzi angefanya nini.

Wasanii wengine waliona kwamba kumwachia mtazamaji swali hakutoshi, bali ashike pia mchezo wenyewe. Kenya, huko Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kutayarisha Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu mwaka 1977, wakiwasahihisha waandishi pale walipokosea lugha au mambo ya maisha yao. Wiki chache baada ya kuanza kuonyeshwa mchezo ulipigwa marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa lao likabomolewa.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na vijana wa kijiji, wakauliza ni shida gani iliyowakabili, na jambo lililojitokeza kwa nguvu ni mimba za wasichana wa shule na hali ya vijana wasio na kazi. Wanakijiji wenyewe walilichambua, wakalitungia maonyesho kwa ngoma za Kisukuma, na baada ya maonyesho wakabaki wakijadiliana. Ngoma haikuwa pambo la kuanzia sherehe; ndiyo ilikuwa lugha ya hoja. Njia hiyo iliingia mashuleni mwaka 1996 kwa mpango ulioitwa Tuseme, ulioanzishwa na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu hicho kwa ajili ya wasichana wa sekondari na baadaye kuenea katika nchi nyingine za Afrika. Wasichana hutaja wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, hata yakiwa ya aibu, hata yakiwahusu watu wazima wa shule yao, kisha huyaigiza mbele ya watu hao hao. Mwalimu mkuu anayekaa mstari wa mbele siku hiyo huketi kama mshtakiwa wa baraza la Waarusha: ana haki ya kujibu, hana amri ya kukata neno.

Narudi Meru, kwa kuwa mwalimu wa Arusha hahitaji kwenda mbali kutafuta mchezo. Upande wa mashariki wa mlima, Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Waliahidiwa fidia na ardhi nyingine huko Kingori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulisema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa mwaka huo, katika Baraza Kuu, kura hazikufikia theluthi mbili zilizotakiwa. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio, Kirilo na wakili wao Earle Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo.

Kisa hiki kikiandikwa kwa njia ya ngonjera, kitakwisha kwa dakika kumi: Mzungu mbaya, Mmeru mwema, makofi. Napendekeza darasa lianze mahali pengine, katika usiku wa mkutano kabla askari hawajafika. Yuko anayesema tuchukue fidia, kwa kuwa watoto na ng'ombe watahitaji mahali pa kulala. Yuko kijana anayetaka kupigana. Yuko anayesema tukae tusiondoke, tusipokee hata senti. Yuko ofisa wa serikali, naye apewe mwanafunzi hodari, aitetee hoja ya serikali kwa nguvu zake zote, kwani hoja dhaifu haifundishi kitu. Vipindi viwili vinatosha, na meza ya mwalimu yafaa kuondolewa katikati. Mwanafunzi atakayekuwa mzee mwenye neno la mwisho asiambiwe mapema kwamba Wameru walikataa fidia. Aachwe aamue mwenyewe, wenzake wambane kwa maswali, na kitabu cha historia kifunguliwe siku inayofuata.