Kigari cha Mfano: Datsun 240Z, Safari Rally 1971

Kigari hiki, kilichopunguzwa hadi sehemu 1 kwa 43 ya ukubwa halisi, hakifiki urefu wa sentimita 10. Kinaonyesha Datsun 240Z namba 11, gari walilotumia Edgar Herrmann na Hans Schüller kushinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Wapo wanaosema kukusanya vigari ni mchezo wa watoto waliokua. Lakini magari mengi ya mashindano hayabaki kama yalivyoshinda: hugongwa, hubadilishwa bodi, hupakwa rangi upya na kuuzwa. Kigari kilichoundwa kwa kufuata picha za wakati ule huonyesha maamuzi ya mafundi, kama boneti iliyopakwa rangi nyeusi ili mwanga wa jua usimpige dereva machoni, na taa za ziada za mbele kwa mwendo wa usiku.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kigari hung'aa mno. Ni kweli: gari lenyewe, linalotunzwa na Nissan huko Japani, bado lina mibonyeo ya safari. Basi kigari ni ushahidi wa jinsi gari lilivyoandaliwa. Yaliyolipata njiani tuyatafute kwenye picha.