Frere Town: Kijiji cha Ng'ambo Kilichomezwa na Mji

Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa na maiti waliozikwa kwa heshima. Mwaka huu tumeona vema tuhesabu pia deni moja lisiloandikwa katika daftari la mtunza hazina, nalo ni deni tulilo nalo kwa waliotutangulia. Kwa hiyo twawaletea wanachama habari za Frere Town.

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali hukawii kumwona amefika Kengeleni. Magari ni mengi pale, na wapitao ni wengi kuliko wanaojiuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka katika kengele ya kweli, ambayo mnara wake ungali umesimama. Kengele hiyo ilipotungikwa, mji wa Mombasa ulikuwa kisiwani tu. Huku ng'ambo, katika nchi ya Kisauni, palikuwa na kijiji kilichojitegemea, chenye mashamba yake, shule yake, kanisa lake na hukumu zake. Na baina yake na Mombasa palikuwa na maji ya kuvukwa kwa mashua.

Kijiji hicho kilizaliwa na mkataba. Mwishoni mwa mwaka 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar kumtaka Sayyid Barghash bin Said apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Sayyid alikataa kwanza, lakini baada ya kutishwa kwa manowari akautia sahihi mkataba huo tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Walakini majahazi hayakuacha kusafiri kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyakamata. Hapo ndipo lilipozuka swali gumu: watu waliomo ndani wapelekwe wapi? Zamani wengi walipelekwa mbali, Bombay, Aden na visiwa vya Shelisheli. Kuwarudisha makwao hakukuwezekana, maana njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya wafanya biashara waliowauza.

Chama cha Misheni cha C.M.S. kilikubali kuwapokea pwani. Kasisi William Salter Price, aliyekwisha kulea watoto wa Kiafrika waliokombolewa huko Sharanpur, karibu na Nasik katika Bara Hindi, aliwasili Mombasa Novemba 1874. Mwaka uliofuata ardhi ikanunuliwa Kisauni, na mahali pakaitwa Frere Town kwa heshima ya yule mjumbe. Kabla ya mwaka 1875 kwisha manowari zilikuwa zimekwisha kushusha pale watu kwa mamia, wake kwa waume, na watoto wengi.

Vitabu vingi husimulia habari hizi kana kwamba kijiji kilijengwa na Wazungu peke yao. Sivyo. Waliotangulia kufundisha, kutafsiri na kusimamia kazi walikuwa Waafrika walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani wale waliouzwa wakiwa watoto, wakakombolewa baharini, wakasomeshwa Bara Hindi kisha wakarudi. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wamefika Rabai tangu mwaka 1864, na George David alikuwa mwenzao katika kazi hiyo. Mwingine aliyeishi na kufanya kazi hapo ni Matthew Wellington, Myao, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa David Livingstone kutoka bara hata pwani. Alifariki Mombasa mwaka 1935.

Wazee wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Basi tuwafikirie watu hawa, ambao hawakuiacha asili yao bali walinyang'anywa. Miongoni mwao walikuwamo Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengine wa makabila mengi. Hawakuwa na lugha moja, wala mila moja, wala mjomba wa kuwasimamia arusini, wala shangazi wa kumlea yatima. Watu wa Mombasa waliwaita Mateka au Wamisheni. Kwa kuwa hawakuwa na jamaa, iliwapasa kuwa jamaa wao kwa wao. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Jirani akawa ndugu. Mwenye kufiwa akazikiwa na kijiji kizima. Sisi tulio katika chama cha kusaidiana twapaswa kulitambua jambo hili: kabla ya vyama vyetu kuandikishwa na kuwa na mwenyekiti na katibu, walikuwako watu waliofanya kazi hiyo hiyo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya.

Tusiwapambe zaidi ya ukweli. Uhuru wa Frere Town ulikuwa uhuru wenye mipaka. Wasimamizi wa Misheni walikuwa mahakimu na wakuu wa kazi kwa pamoja, na waliokosa waliadhibiwa kwa kifungo na viboko. Adhabu hizo zilizidi hata ukafanyika uchunguzi mwaka 1881, na msimamizi akaondolewa. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtu aliyetolewa katika minyororo ya jahazi alipigwa tena, safari hii na waliomwambia kuwa yu huru.

Hatari nyingine ilitoka nje. Watoro walikimbilia vijiji vya Misheni, na wenye watumwa wa Mombasa wakaona mali yao inapotea. Mwaka 1880 walitishia kuishambulia Frere Town, na kengele iliyoita watu kazini na kanisani ikawa pia ya kuonya hatari. Ugomvi huo haukupoa upesi. Mwisho George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alikubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha walilipwa waliomiliki; waliomilikiwa walipewa karatasi. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika pwani yetu mwaka 1907.

Na kijiji kilirudisha zaidi ya kilichopokea. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwatawaza Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Na Askofu alipouawa Busoga mwezi Oktoba, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Walimu na makatekista walitoka hapo wakaenda vijiji vingine. Chuo cha wachungaji kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Yaliyofuata yaja kwa haraka. Reli ilipofika bara, macho ya Misheni yakageukia huko. Mwaka 1931 daraja la kuelea la Nyali likaunganisha kisiwa na ng'ambo, na mwaka 1980 likafunguliwa lile kubwa tunalolitumia sasa. Maji yaliyokilinda kijiji na kukitenga hayakuwa mpaka tena. Mji ukavuka. Leo Frere Town ni kata moja katika jimbo la Nyali, na nyumba zake zimeshikana na za Kongowea na Kisauni hata mgeni hawezi kujua moja imeishia wapi.

Hatulii kwa sababu mji umekua. Watu hawana budi kupata mahali pa kukaa. Lakini liko neno moja lipasalo kusemwa. Wakazi wa kwanza walipewa viwanja vya kujenga na mashamba ya kulima, nao wakapanda na kuzika hapo. Walakini ardhi ilikuwa imenunuliwa kwa jina la Misheni, si kwa majina yao. Mtu aliyekuja kutoka Rabai au Giriama au bara aliweza, akishindwa mjini, kurudi kwenye shamba la babaye. Mtu wa Frere Town hakuwa na kwao kwingine. Mahali pa namna hiyo, kaburi la babu si ukumbusho tu. Ndiyo hati pekee ambayo wengi walirithi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo mawili. Kwanza, kila mwenye mzee nyumbani aandike majina ya waliomzaa na mahali walipozikwa, kabla mzee huyo hajatutoka. Pili, tusaidiane kuyafyeka makaburi ya zamani na kuulinda mnara wa kengele. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji majembe, daftari na siku moja ya Jumamosi, na chama chetu kina watu wa kutosha kwa hayo yote.