UFUGAJI: Kizimba cha kuhama chafaa boma la mkulima wa majani chai, ila si usiku

KATIKA maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, ardhi inayobaki baada ya kupanda zao hilo huwa ni ua wa nyumba, kipande cha nyasi za ng'ombe na shamba dogo la sukumawiki. Kuku wakiachiliwa humo huharibu mboga na kunyakuliwa na mwewe. Wakifungiwa bandani siku nzima, gharama ya chakula humaliza faida yote.

Njia mojawapo ya kutatua tatizo hili ni kizimba kisicho na sakafu, kinachohamishwa kila siku. Kuku waliomo hula nyasi, magugu na wadudu, huchakura udongo na kuacha mbolea. Kwa sababu ya kazi hiyo, Wamarekani hukiita trekta ya kuku.

Mkulima Joel Salatin wa jimbo la Virginia, Marekani, alipata sifa kwa kutumia vizimba vya futi 10 kwa 12, vyenye kimo cha futi 2, kwenye malisho mapana. Kizimba cha ukubwa huo hakifai katika miteremko ya Konoin au Bureti. Ni kizito kuburuta, na mabonde madogo ya ardhi huacha mianya chini yake.

Kwa mkulima mdogo, mayai ni pesa za kila wiki, ilhali bonasi ya majani chai huja mara moja kwa mwaka na haitabiriki. Mnamo 2025, wakulima wengi wa eneo hili walilalamikia bonasi ndogo.

Vipimo na vifaa

Kizimba cha futi 8 kwa 4 chatosha kuku wanane, kila mmoja akipata futi 4 za mraba. Watu wawili wanapaswa kuweza kukiinua.

Umbo linalotumia miti michache zaidi ni la herufi A. Tafuta fito mbili za futi 9 za kukaa chini, moja ya futi 8 ya kuwa mgongo, na tisa za futi 4 za kuunda pembetatu tatu. Mianzi ni miepesi kuliko mikaratusi. Ukitumia mikaratusi, chagua fito nyembamba na uziache zikauke kwanza, kwani mti mbichi ni mzito na hupinda ukikauka.

Panga, msumeno, nyundo na koleo vyatosha kwa kazi hii. Asiye na keekee anaweza kutoboa mianzi kwa msumari uliochomwa motoni. Funga viungo kwa waya au kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Kamba ya katani huoza upesi kwenye mvua.

Kujenga

Chonga ncha za fito mbili za chini ziwe na mviringo ili ziteleze juu ya nyasi. Simamisha pembetatu moja kila upande na nyingine katikati, kisha funga mgongo juu. Ufito wa chini wa pembetatu ya katikati uinuliwe futi moja kutoka ardhini na kukatwa kulingana na upana wa hapo. Huo utakuwa kitulio cha kuku.

Nusu ya nyuma ifunikwe kwa mabati makuukuu pande zote mbili pamoja na kisogo chake. Mvua ya Kericho hunyesha sana alasiri, mara nyingi ikiwa ya mawe, na kuku aliyelowa katika baridi ya nyanda za juu huugua haraka. Nusu ya mbele iwe na waya wa kuku, na mlango uning'inizwe kwa vipande vya mpira. Katika sehemu kavu za Chepalungu, mabati hayo huwekewa nyasi juu ili kupunguza joto.

Kuhamisha

Kokota kizimba kukingama mteremko, wala si kupanda na kushuka. Enda polepole ili ufito wa nyuma usikanyage miguu ya kuku. Kisha zunguka ukiziba kila mwanya kwa mawe au magunia yenye udongo, kwa sababu nguchiro hupenya pembamba.

Usikiegeshe kati ya michai. Zao hilo hupenda udongo wenye asidi, wa pH ya kati ya 4.5 na 5.6, ilhali kinyesi cha kuku, hasa wanaolishwa chokaa ili watage, hupunguza asidi hiyo kikirundikana. Epuka pia mahali palipopigwa dawa ya magugu au ya wadudu. Kwenye shamba la mboga, pitisha kizimba kabla ya kupanda.

Hatari ya usiku

Wafugaji wengi hupoteza kuku wao usiku. Kizimba kisicho na sakafu hakizuii siafu, na kuku aliyefungiwa humo hana pa kukimbilia. Kundi zima laweza kuuawa kwa usiku mmoja.

Kwa hivyo, kizimba hiki ni cha mchana tu. Kabla ya jua kutua, kuku warudishwe katika banda lililoinuliwa, lenye sakafu, na miguu yake isimame ndani ya mikebe yenye oili kuukuu. Mikebe hiyo ifunikwe ili kuku wasinywe wala mvua isiijaze.

Hata hivyo, malisho hayatoshi peke yake. Kuku wanaotaga waongezewe chakula na wapewe maji safi kila siku. Aidha, kuhama hupunguza minyoo na kuhara damu, lakini hakuzuii kideri, ugonjwa ambao wengi huuita Newcastle. Chanjo yake hutengenezwa nchini na taasisi ya KEVEVAPI, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji amwone afisa wa mifugo wa wadi yake kabla ya kuwatia kuku kizimbani, kwani kuku mmoja mgonjwa huwaambukiza wenzake wote.