Cherehani ya bibi kule Namanyere

Najua nilipotea. Nilikuwa likizo nyumbani Namanyere, makao makuu ya wilaya yetu ya Nkasi kule Rukwa. Ni Julai, upepo wa Ufipa unakata mashavu kama wembe, na kila anayekuona umevaa fulana anakuuliza kama huko Dar mmesahau baridi ni nini.

Kabla sijaondoka Dar, mshkaji wangu mmoja alinionyesha habari za watu wa Uingereza na Marekani wanaokusanya mashine kuukuu za kufyonza vumbi. Mtu anazo zaidi ya mia nyumbani kwake. Anazifungua, anazisafisha, anabadilisha mikanda na waya, kisha anaziwasha na kusikiliza muungurumo wake kama vile wewe unavyosikiliza taarab. Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikasoma kidogo, kicheko kikapungua. Kumbe mwaka 1901 injinia Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kufyonza vumbi iliyokuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, mabomba yakaingizwa madirishani. Mwaka 1908 William Hoover wa Ohio, aliyekuwa mfanyabiashara wa bidhaa za ngozi, akachukua uvumbuzi wa James Murray Spangler, mfagiaji wa duka, akautengenezea kiwanda. Mashine ikashuka kutoka kwenye gari la farasi ikaingia kabatini mwa mama wa nyumbani. Hiyo nayo ni historia, ila imekaa kabatini badala ya kukaa ikulu.

Nikajiuliza: sisi tungekusanya nini? Kwetu Namanyere vumbi linaondolewa kwa ufagio, na ufagio ukichakaa unatupwa jikoni uwe moto. Lakini vyuma tulivyonavyo si haba. Pasi ya mkaa ipo, karabai ipo, redio ya mbao ipo. Na kuna chuma kimoja ambacho karibu kila ukoo wa Tanzania una hadithi yake: cherehani.

Basi bwana, ya bibi yangu ilikuwa chini ya uvungu wa kitanda, imefunikwa na gunia la maharage.

Tuanze mbali kidogo. Ufipa haikungoja cherehani ili ivae. Wafipa walikuwa wakifuma nguo zao za pamba kabla ya mkoloni, na David Livingstone alipopita pande hizi mwaka 1872, miezi michache kabla hajafa, aliiona kazi hiyo. Vyuma navyo walivifua wenyewe. Tanuri zao za kuyeyusha mawe ya chuma zilikuwa ndefu kumzidi mtu, na zilivuta hewa zenyewe bila kuhitaji mivukuto. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba ufundi ulikuja na meli.

Kilichokuja na meli ni nguo za bei rahisi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja vitambaa vya pamba, na mwaka 1833 nchi yao ikatiliana mkataba na Sultani Seyyid Said. Watu wakaviita amerikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba hiyo, Waingereza na Wahindi wakaingia na vya kwao, lakini jina halikubadilika. Nguo hizo zikapanda na misafara hadi Tanganyika, na mfumaji wa Kifipa, aliyetumia siku nyingi kumaliza kipande kimoja, akashindwa soko. Lakini kitambaa cha jora hakivaliki hivi hivi. Kinataka mkasi na uzi, na hapo ndipo fundi cherehani alipopata barazani pa kukaa.

Jina lenyewe cherehani lina undugu na cherehe, lile gurudumu la kunolea visu. Mashine ya gurudumu, basi. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, ingawa Elias Howe alikuwa amepata ya kwake tangu 1846, na wakaburuzana mahakamani hadi Singer akatakiwa kulipa. Mwaka 1856 wenye hataza wakaamua kugawana haki badala ya kutajirisha mawakili. Kilichomtajirisha Singer zaidi ni akili ya mshirika wake Edward Clark ya kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mashine ambayo familia isingeweza kuinunua kwa mkupuo ikaingia nyumbani kwa malipo ya mwezi. Gandhi, aliyekuwa na maneno makali juu ya mashine, hii aliisamehe.

Mzigo mkubwa wa zile zilizokuja kwetu ulitoka Clydebank, Scotland. Kiwanda cha Kilbowie kilifunguliwa mwaka 1885, na mwaka 1913 peke yake kilitoa mashine zaidi ya milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980. Mashine zake bado zinashona Keko, zinashona Kariakoo, zinashona Sumbawanga.

Sasa turudi uvunguni. Nilipoitoa ile mashine niliifuta vumbi pale penye kibati, nikaona namba inayoanza na herufi EF. Hapo ndipo raha ya mkusanyaji inapoanzia, wadau. Singer walikuwa na daftari la namba, kila fungu la herufi na miaka yake. Herufi mbili zinazoanza na E ni za Clydebank, kuanzia katikati ya miaka ya 1930. EF ni mwishoni mwa miaka ya 1940. Aina yake ni 15K, na hiyo K ni Kilbowie. Nilikaa sakafuni nikashangaa. Chuma hiki kilimwagwa Scotland vita vya pili vikiwa vimekwisha juzi, kikafikaje Namanyere?

Bibi akanijibu bila kuacha kuchambua maharage. "Babu yako alikwenda manamba."

Babu alikwenda Tanga kukata mkonge, kama vijana wengi wa Ufipa wa enzi hizo. Wakandarasi walikuwa wakiwasomba kutoka nyanda hizi, kila mtu anapewa namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli. Wengine hawakurudi. Babu alirudi mwaka 1957 na kichwa cha cherehani alichokinunua kikiwa kimeshatumika, amekifunga ndani ya blanketi. Alipanda treni ya reli ya kati hadi Tabora, akachukua ile ya Mpanda, reli iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, na kutoka Mpanda akadandia lori. Bibi alikuwa ameshajifunza kushona kwa mkono misheni. "Alidhani atanifurahisha," akasema. "Mimi nilitaka ng'ombe."

Lakini ng'ombe asingefanya ilivyofanya ile mashine. Mwaka 1974 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mashine ikahama juu ya mkokoteni wa maksai. Mwaka 1977 ikaja elimu ya msingi kwa wote, watoto wakajaa madarasani, na kila mtoto alitaka sare. Bibi anasema mwaka ule alikuwa analala mguu ukiwa bado unakanyaga. Baada ya vita vya Kagera ikaja njaa ya bidhaa, kitambaa kikawa cha foleni, na kazi ikawa viraka. Suruali moja ilikuwa na viraka vya rangi tatu na mwenyewe anaringa nayo kanisani. Fedha ya viraka ndiyo iliyomsomesha baba yangu sekondari. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikamwagika, na nguo mpya ya fundi ikaonekana ghali. Mafundi wengi wakabaki na kazi ya kupunguza kiuno na kupandisha pindo. Bibi akaifunika yake gunia.

Hapo sasa nikataka kujifanya mkusanyaji wa Kizungu. Nikanunua mafuta, msasa, bisibisi na chupa ya spiriti. Mashine haikuzunguka hata nukta, na dhahabu zake zilikuwa zimefunikwa na weusi. Nikalowanisha pamba kwa spiriti, nikaanza kusugua pale kwenye picha ya sfinksi, yule simba mwenye kichwa cha mtu ambaye Singer walimpamba kwenye mashine zao nyingi. Weusi ukatoka. Nikafurahi. Nikasugua tena, dhahabu ikatoka pia. Pamba ikang'aa, mashine ikabaki na upara.

Wakuu, nilichoka mwenyewe. Michoro ile imefunikwa kwa vanishi ya shelaki, na shelaki inayeyuka kwa spiriti. Kwa hiyo mtu anayesafisha Singer kwa spiriti anaondoa ngozi pamoja na uchafu. Miaka zaidi ya sabini ya Clydebank, mkonge, ujamaa na viraka haikuweza kumfuta yule sfinksi. Nimemfuta mimi, mwenye digrii, kwa dakika nne.

Nikaibeba hadi kwa mzee mmoja fundi pale mjini Namanyere, anafanyia kazi barazani. Nikampa shikamoo, akaitazama, akapitisha kidole kwenye upara.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, babu."

"Ulitaka kuishonea nini?"

Nikasema nilitaka iwe nzuri. Akaguna, akanyamaza. Kisha akafungua sahani ya chini, akanionyesha utomvu wa rangi ya asali uliogandamana kwenye vyuma. "Mafuta ya alizeti. Wakati wa shida walitia ya kupikia." Mafuta ya kula yakikaa kwenye hewa yanaganda kama gundi, tofauti na mafuta ya cherehani. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu hazijavunjika kitu, zimegandishwa tu. Akadondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu, akalizungusha gurudumu robo, akaliacha. Tukaongea mambo ya mvua. Robo nyingine. Tukaenda tukarudi siku ya pili. Hakutumia nguvu hata mara moja, na msasa wangu hakuutaka. Siku ya tatu gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Sindano alikuwa nayo kwenye kopo, mpya kabisa. Bobini pia. Hili nalo ni ajabu ya aina hii ya 15: viwanda vya China viliiga mwili wake, Butterfly ya Shanghai ikiwamo, kwa hiyo vipuri vinavyouzwa leo vinaingia kwenye chuma cha zamani. Mashine iliyoigwa na wote haifi kwa kukosa sindano.

Wakati tunasubiri siku ya pili akaja kijana mmoja mgeni, akaiulizia bei. Akatoa simu, akaisogeza karibu na mashine, akaitazama simu, akaisogeza tena. Nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma nikiwa chuo. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba Singer kuukuu zina zebaki nyekundu, eti simu ikisogezwa inakata. Bei zikapaa hadi riyali laki mbili, watu wakavunja maduka ya mafundi. Zebaki nyekundu yenyewe haipo duniani, ni hadithi ya matapeli. Nikamwambia kijana hayo yote. Akaniangalia kama mimi ndiye tapeli, akasema basi atainunua kwa kilo, chuma chakavu. Fundi hakuinua hata macho.

Nimeifikiria sana ile kilo. Mashine kama hizi zinaondoka kila siku kwa njia hiyo, zinapimwa kwenye mizani pamoja na rimu za baiskeli na sufuria zilizotoboka, kisha zinayeyushwa ziwe nondo. Makumbusho zetu zina ngoma na mikuki, na ni vizuri. Lakini bibi yangu hakunisomeshea baba kwa mkuki. Akitokea mtu wa kuandika jinsi mwanamke wa Ufipa alivyoishi kuanzia 1957 hadi leo, ushahidi wake mmoja upo kwenye pedeli iliyolika upande wa kulia tu, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa unambembeleza mtoto sakafuni. Hilo hakulisema mtu. Fundi ndiye aliyeniuliza, "Bibi yako alikuwa na watoto wangapi?"

Sisemi kila mtu aanze kukusanya. Nyumba za kupanga Sinza hazina nafasi. Nasema tu kabla hujauza, geuza, soma namba, uliza ilikuja na nani. Iandike mahali. Usitie mafuta ya kupikia. Na spiriti, wadau, iacheni hospitali.

Nilipoirudisha, bibi aliiangalia upara ule kwa muda. Nikaanza kuomba radhi. Akasema yule mnyama alikuwa akiwatisha watoto. Kisha akaenda ndani, akarudi na sketi ya shule ya mjukuu wake wa darasa la nne, akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano maana macho yamechoka, akaketi, akakanyaga.

Jamani, kwenu uvunguni kuna nini?