Gemu za mtandaoni za kukuza mhusika: ipi inafaa simu yako na bando lako?

Vijana wengi wa Handeni na Korogwe wanaijua Free Fire. Ila ipo aina nyingine ya gemu za mtandaoni ambayo wasikilizaji wetu wamekuwa wakituulizia: zile ambazo unaunda mtu wako, unamkuza kwa miezi au hata miaka, na humo ndani unakutana na maelfu ya watu kutoka nchi nyingine. Ipi ni nzuri? Ipi haimalizi bando? Na je, ni kweli kwamba ni za bure?

Sisi tunaoandaa makala hii tumecheza gemu hizi kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza kwenye kompyuta za kulipia kwa saa, baadaye kwenye simu. Tumechagua tatu zinazopatikana kwenye simu na zinazotofautiana sana, ili msikilizaji ajue anachoingia kabla hajatumia hata MB moja.

Ni gemu za namna gani?

Free Fire, iliyotoka mwaka 2017, huchezwa kwa raundi. Watu 50 wanashuka kisiwani, baada ya dakika kumi hivi mshindi anapatikana, kisha mnaanza upya. Gemu za kukuza mhusika haziishi namna hiyo. Mtu wako anabaki na ujuzi wake, silaha zake na mali yake. Ukizima simu, wengine wanaendelea kuchimba, kuuziana na kupigana, kama gulio linavyoendelea hata wewe ukiondoka mapema.

Mwanzo wake ni mwaka 1978, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walipotengeneza gemu ya maandishi matupu ambayo watu kadhaa waliweza kucheza pamoja. Ultima Online ikafuata mwaka 1997 na EverQuest mwaka 1999. World of Warcraft ya mwaka 2004 ndiyo iliyozipa gemu hizi jina duniani, na mwaka 2010 ilivuka wachezaji milioni 12 waliokuwa wakilipia. Hiyo lakini ni ya kompyuta, na ili kuicheza yote unalipia kila mwezi, kwa hiyo tunaiacha hapa.

1. Old School RuneScape

RuneScape ilianzishwa Januari 2001 na ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower. Mwaka 2013 kampuni ya Jagex ilirudisha toleo la zamani baada ya wachezaji kulipigia kura, na Oktoba 2018 toleo hilo likaingia kwenye simu. Hadi leo mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe.

Picha zake ni za kizamani. Kazi zake ni za kawaida: kuvua samaki, kukata miti, kuchimba madini, kupika, kufua vyuma, na kupigana ukitaka. Unaanza na samaki wadogo na shoka dhaifu, na ujuzi unapanda polepole. Wapo waliocheza miaka mitatu na bado hawajamaliza.

Sehemu ya bure ni kubwa ya kutosha kwa miezi mingi. Sehemu iliyobaki ina ada ya uanachama, ingawa mchezaji mwenye bidii anaweza kununua uanachama huo kwa dhahabu aliyoipata ndani ya gemu.

2. Albion Online

Hii ni ya kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, Ujerumani. Ilitoka mwaka 2017, ikawa ya bure mwaka 2019, na ikaingia rasmi kwenye simu Juni 2021. Humu hakuna kuchagua kuwa askari au mganga tangu siku ya kwanza. Kazi yako inatokana na ulichovaa: ukishika upinde ni mpiga mishale, ukishika fimbo ya uponyaji ni mganga.

Karibu kila silaha na vazi limetengenezwa na mchezaji mwenzako. Mmoja amechimba, mwingine ameyeyusha, wa tatu amefua, wa nne amebeba hadi mjini kuuza. Bei zinatofautiana kati ya mji na mji, na aliyezoea kununua mahindi Kang'ata na kuyauza Korogwe ataelewa haraka.

Kitu cha kuzingatia ni rangi za maeneo. Eneo la bluu ni salama. La njano unaweza kuangushwa na mwenzako bila kupoteza mali. La jekundu na jeusi, ukiuawa, aliyekuua anachukua ulichobeba. Kazi ya wiki nzima inaweza kuondoka kwa dakika moja. Wachezaji wazoefu wana kanuni: usivae usichoweza kukipoteza.

3. Genshin Impact

Ilitoka Septemba 2020, kazi ya kampuni ya miHoYo ya Shanghai, China. Kwa uzuri wa picha na muziki inazishinda hizo mbili za kwanza kwa mbali. Ila kwa sehemu kubwa unacheza peke yako. Wachezaji wanne tu ndio wanaoweza kuungana, tena baada ya kufikia daraja la 16, na hamuwezi kuuziana chochote.

Mzigo wake ni mkubwa. Kuipakua yote kwenye simu kunahitaji zaidi ya GB 20, na simu ya bei ya chini itaganda au kupata moto. Kwa wengi wetu, hapo habari yake inaishia.

Bando linaliwa na nini?

Wengi hudhani kucheza ndiko kunakokula bando. Ukweli ni kwamba wakati wa kucheza simu hutuma na kupokea taarifa ndogo tu: uko wapi, umefanya nini, wengine wako wapi. Picha zenyewe tayari ziko ndani ya simu. Kutazama video kwa nusu saa hula zaidi.

Kinachomaliza bando ni kupakua gemu mara ya kwanza na masasisho yanayofuata. Pakua ukiwa kwenye waifai, au tumia bando la usiku kama mtandao wako unalo. Kisha zima masasisho ya kujiendesha kwenye Play Store.

Ukitaka kujua gemu inakula kiasi gani kwenye simu yako, ingia kwenye mipangilio, fungua matumizi ya data, andika namba unayoiona, cheza nusu saa, kisha angalia tena. Hiyo ndiyo hesabu ya uhakika, kwa sababu inatoka kwenye simu yako na mtandao wa mahali ulipo.

Mtandao ukipanda na kushuka

Ukigusa simu ukiwa Mombo au Mkata, taarifa husafiri hadi kwenye kompyuta ya gemu, mara nyingi Ulaya, Marekani au Asia, kisha jibu linarudi. Muda huo hupimwa kwa milisekunde. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Ukizidi 200, kwenye gemu za kasi utaona umepigwa kabla hujamwona adui.

Hapa Old School RuneScape ina nafasi nzuri. Gemu hiyo huhesabu kila tendo kwa vipindi vya sekunde 0.6, kwa hiyo ucheleweshaji mdogo hauonekani sana. Albion ni ya kasi zaidi. Ina seva tatu, Amerika, Ulaya na Asia, na maendeleo ya seva moja hayahamii nyingine. Jaribu kila moja, linganisha muda, kisha chagua moja mapema.

Pamoja na hayo, intaneti yetu inategemea nyaya zilizopita chini ya bahari. Mei 12, 2024, nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na nchi nzima ikaonja shida. Ukiwa eneo la jekundu siku kama hiyo, mzigo wako umekwenda.

"Bure" ina gharama gani?

Gemu zote tatu unaziingia bila kulipa, lakini kila moja ina mlango wake wa pesa. RuneScape na Albion zinauza uanachama wa muda, na bei unaijua kabla. Genshin inauza bahati. Unalipia kuchezesha, na uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano kwa mara moja ni asilimia 0.6. Ukichezesha mara 90 unahakikishiwa mmoja, lakini si lazima awe yule uliyemtaka. Mara 90 kwa fedha taslimu zinaweza kuvuka dola 200 za Marekani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba kuuza masanduku ya bahati ndani ya gemu ni kamari.

Je, gemu inaweza kukulipa?

Hili ndilo swali linaloletwa sana na vijana wasio na ajira, na tunalijibu kwa tahadhari. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, wapo waliokuwa wakichimba dhahabu ya RuneScape na kuiuza kwa dola ili wapate chakula. Walifanya hivyo kinyume cha kanuni za gemu, na akaunti inayokamatwa hufungwa. Huko Ufilipino, mwaka 2021 wengi waliingia kwenye gemu ya Axie Infinity iliyolipa kwa sarafu za mtandaoni. Thamani ya sarafu hizo ikaporomoka, na Machi 2022 wadukuzi wakaiba zaidi ya dola milioni 600 kwenye mfumo wake.

Kwa hiyo mtu akikwambia utoe ada kwanza ili gemu ikulipe kila siku, funga mkono wako.

Kujilinda na kulinda watoto

Usinunue wala kuuza akaunti. Aliyeifungua anaweza kuirudisha kwake hata baada ya kupokea pesa yako. Usimpe mtu neno la siri wala namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukitapeliwa kwa simu au ujumbe, toa taarifa TCRA kupitia namba 15040, na polisi pia, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika.

Kwa wazazi: mtoto akicheza kwenye simu yako, weka nywila kwenye manunuzi ya Play Store, na usimwachie namba ya siri ya pesa za simu. Muulize pia anaongea na nani humo. Mtu mzima asiyejulikana anayemwomba mtoto picha au wahamie kuongea pembeni ni sababu ya kuzima simu na kumsikiliza mtoto bila kumfokea.

Kwa kifupi

- Simu ya kawaida, bando dogo, mtandao unaoyumba: Old School RuneScape.
- Unapenda biashara na ushindani, na unavumilia hasara: Albion Online.
- Simu yenye nguvu, waifai ya uhakika, na uwezo wa kujizuia kutumia pesa: Genshin Impact.

Zote tatu hazina Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza kidogo kitakusaidia. Anza na moja, icheze wiki mbili bila kutoa senti, ukiandika saa na MB ulizotumia. Baada ya hapo utajua kama inakufaa kuendelea nayo.