Tofali na Nyumba: Marsha P. Johnson na Sylvia Rivera katika Harakati za New York, 1969–2002

Kila asomaye Utendi wa Fumo Liyongo hubaki na picha ya jabari mrefu mwenye nguvu zisizo kifani, aliyeogopwa hata na mfalme wa Pate. Ni wachache wanaomkumbuka Saada, kijakazi aliyepeleka gerezani mkate wa wishwa. Walinzi waliudharau mkate ule wakauacha upite, kumbe ndani yake mama wa Liyongo alikuwa ameficha tupa. Bila tupa ile nguvu zote za shujaa zingeozea kifungoni. Tumeanza na kisa hiki kwa sababu historia ya harakati za haki za watu transijenda nchini Marekani husimuliwa aghalabu kwa namna hiyo hiyo: ushujaa wa nguvu hutajwa, mkate husahauliwa. Tofauti ni kwamba safari hii anayesifiwa kwa nguvu na aliyebeba mkate ni mtu yule yule, na sifa anayopewa siyo ile anayostahili.

Kwa mtu transijenda tunakusudia mtu ajijuaye kuwa wa jinsia isiyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Neno hili halikutumiwa na wahusika wetu wenyewe katika miaka ya 1970. Wao walijiita kwa majina ya mitaani ya wakati wao. Mwanafunzi wa Kiswahili atambue pia jambo moja la lugha. Mashahidi wa Kiingereza, wanaposimulia habari za watu hawa, huyumba kati ya viwakilishi viwili, cha kiume na cha kike, hata ndani ya sentensi moja. Kiambishi chetu a- hakimlazimishi mwandishi kuchagua. Hata hivyo tusijisifu mno, kwani tukifika kwenye maneno kama dada na mama inatubidi kuchagua. Nasi tumechagua kama wao walivyoitana.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, polisi wa New York walivamia baa iitwayo Stonewall Inn, mtaa wa Christopher. Uvamizi wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida, na aliyekutwa amevaa mavazi yaliyohesabiwa kuwa si ya jinsia yake aliweza kukamatwa kwa hilo tu. Usiku ule wateja walikataa kutawanyika, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa. Masimulizi ya siku hizi yanasema kwamba Marsha P. Johnson ndiye aliyerusha tofali la kwanza. Wengine wanasema ni bilauri, na wengine humpa Sylvia Rivera heshima hiyo.

Lakini Marsha mwenyewe, alipohojiwa na Eric Marcus mwaka 1989, alisema kwamba alifika mnamo saa nane za usiku, wakati ghasia zilikuwa zimekwisha kuanza na jengo linawaka. Kuhusu Sylvia, wanahistoria hawapatani. Martin Duberman, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alimfanya kuwa mmoja wa watu sita ambao kupitia maisha yao anaisimulia Stonewall; David Carter, mwaka 2004, akamwacha nje kabisa. Tena hata huo "mwanzo" una walakini. Mwaka 1966, huko San Francisco, watu transijenda waliwapiga polisi kwa vyombo na samani katika mkahawa wa Compton, ila hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, na tukio likasahauliwa mpaka mwanahistoria Susan Stryker alipokuta limetajwa katika waraka wa mwaka 1972.

Je, tunawapunguzia heshima tunaposema hivi? Sisi twaona kinyume. Sifa iliyojengwa juu ya tofali moja ni dhaifu, kwa kuwa adui akithibitisha kwamba tofali halikurushwa na mkono ule atadai kwamba watu hawa hawakuwapo kabisa. Wala hofu hii si ya bure. Mwezi wa Februari 2025 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mbuga na makumbusho ya taifa iliwafuta watu transijenda katika maelezo yake ya intaneti kuhusu ukumbusho wa Stonewall. Basi tuyatazame mambo yasiyo na utata.

Mnamo Septemba 1970 uongozi wa Chuo Kikuu cha New York ulipiga marufuku dansi za wapenzi wa jinsia moja katika bweni la Weinstein. Wanaharakati wakalikalia jengo hilo kwa siku kadhaa, Sylvia akiwa miongoni mwao, hadi polisi walipowatoa. Wanafunzi wangeweza kurudi madarasani. Wale wa mitaani hawakuwa na pa kurudi, na hapo ndipo yeye na Marsha walipofahamu kwamba walihitaji chama chao wenyewe. Wakakiita STAR, ufupisho wa jina refu la Kiingereza lililowataja wanamapinduzi wa mitaani wavaao mavazi ya jinsia nyingine. Ufupisho wenyewe maana yake ni nyota.

Marsha alikuwa na umri wa miaka 25. Alizaliwa Elizabeth, jimbo la New Jersey, mwaka 1945, na akiulizwa herufi P katika jina lake ni kifupi cha nini alijibu kwa maneno yenye maana ya "usilijali hilo". Sylvia, mzaliwa wa 1951 mwenye asili ya Puerto Rico na Venezuela, alikuwa na miaka 19 tu. Alifiwa na mama yake akiwa mtoto wa miaka mitatu, akalelewa na bibi yake, kisha akaangukia barabarani kabla ya kubalehe. Vijana waliomzunguka walikuwa kama yeye: wamefukuzwa na wazazi, wanalala milangoni mwa maduka, wanauza miili yao wapate chakula. Hapa kwetu wangeitwa maibobo.

Makao ya kwanza ya STAR yalikuwa trela la lori lililoegeshwa katika mtaa wa Greenwich Village. Kwa masimulizi ya Sylvia, asubuhi moja walirudi na chakula wakakuta lori limewashwa linaondoka, na vijana bado wamelala ndani. Baadaye walipata nyumba mbovu, namba 213, barabara ya pili upande wa mashariki. Haikuwa na umeme wala joto. Wao wawili wakaendelea na biashara ya mwili ili kulipa pango, kwa hesabu kwamba walio wadogo zaidi wasilazimike kuifanya. Sylvia alitamani ghorofa ya juu iwe shule, kwa sababu wengi katika watoto wake hawakujua kusoma wala kuandika. Shule hiyo haikufunguliwa, na mwaka 1971 walifukuzwa nyumbani humo.

Mtu anaweza kusema kwamba nyumba isiyodumu hata mwaka mzima si jambo la kuandikiwa historia. Tunamkumbusha kwamba hakukuwa na kanisa, wala idara ya ustawi wa jamii, wala chama kikubwa cha wapenzi wa jinsia moja kilichowapokea vijana wale. Uongozi wa Marsha na Sylvia ulikuwa wa mama anayegawa kidogo alichonacho, na watoto wenyewe waliutambua hivyo.

Na chama kikubwa kiliwakataa. Tarehe 24 Juni 1973, katika mkutano wa kuadhimisha Stonewall kwenye uwanja wa Washington Square, Sylvia alipigania kipaza sauti mpaka akakipata. Umati ukamzomea. Aliwaambia kwamba walio gerezani humwandikia yeye barua kila juma kuomba msaada wala hawawaandikii wao, na kwamba yeye amepigwa, amepoteza kazi na makazi kwa ajili ya harakati hizo hizo. Jean O'Leary, kiongozi wa kundi la wanawake, alisoma tamko la kuwashutumu wanaume wavaao mavazi ya kike. Miaka mingi baadaye alikiri kujutia msimamo huo. Baada ya mkutano Sylvia nusura ajiue, na Marsha ndiye aliyemkuta na kumwokoa. Kisha akahama jiji.

Pigo hilo lilikuwa na uzito wa kisheria pia. Mwezi wa Aprili 1970 Sylvia alikamatwa akikusanya saini barabarani ili jiji litunge sheria ya kuwalinda wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi. Sheria ilipopita hatimaye mwaka 1986, watu transijenda hawakuwamo. Saini walikusanya, kifungo walionja, ila wakati wa kugawa wakaambiwa wangoje.

Marsha alibaki New York akiwauguza rafiki zake waliokuwa wakifa kwa UKIMWI. Tarehe 6 Julai 1992 maiti yake iliopolewa katika mto Hudson. Polisi waliharakisha kusema kwamba alijiua. Rafiki zake walikataa, na mwaka 2012 faili lilifunguliwa upya. Sylvia alirudi, akalala kwa muda katika magati ya mto ule ule pamoja na wasio na makazi, na mwaka 1997 akahamia Transy House, nyumba ya Brooklyn iliyofuata mfano wa ile ya STAR. Mwaka 2001 alikifufua chama chake.

Mapema mwaka 2002 alikuwa amelazwa katika hospitali ya St. Vincent, anaumwa saratani ya ini. Viongozi wa shirika lililokuwa likisukuma mswada wa jimbo zima dhidi ya ubaguzi walikuja kitandani kwake, naye akawadai kwamba watu transijenda wasiachwe tena nje. Alifariki tarehe 19 Februari, akiwa na miaka 50. Tarehe 30 Aprili jiji la New York liliirekebisha sheria yake na kuwaingiza. Desemba ya mwaka huo jimbo nalo likapitisha sheria yake, bila wao. Na kifungu alichokidai kitandani kilitiwa saini tarehe 25 Januari 2019.